Stadi za Uigizaji wa Papo kwa Papo na Namna Zinavyomsaidia Mtaalamu Kukabili Mabadiliko Kazini

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna stadi za uigizaji wa vichekesho vya papo kwa papo, kama zilivyokuzwa katika jiji la Chicago nchini Marekani, zinavyoweza kumsaidia mtaalamu kukabili hali asizozitarajia kazini. Mjadala unajikita katika stadi tatu: kusikiliza kwa makini, kupokea na kuendeleza dokezo la mwenzako, na kuisoma hadhi ya wanaozungumza. Mifano imechukuliwa kutoka katika mkasa wa moto wa Mann Gulch wa mwaka 1949, ufundishaji wa tiba, na mafunzo ya mawasiliano kwa wanasayansi. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa kubuni papo hapo si kipaji cha mtu mmoja wala ufundi wa kuchekesha, bali ni zao la kundi lililozoea kupokeana. Kwa sababu hiyo, mafunzo ya stadi hizi huwa na tija pale yanapojengwa juu ya umahiri wa kazi yenyewe, na pale wenye madaraka wanapokuwa wa kwanza kusikiliza.

Maneno ya msingi: uigizaji wa papo kwa papo, dokezo, hadhi, mawasiliano kazini, tiba

1.0 Utangulizi

Tarehe 5 Agosti 1949, kikosi cha wazima moto kiliruka kwa parachuti katika bonde la Mann Gulch, jimboni Montana nchini Marekani. Moto uliokuwa ukiwaka msituni ulionekana kuwa wa kawaida. Muda mfupi baadaye ulivuka bonde, ukashika nyasi kavu za mteremko waliokuwa wakipita, na kuanza kuwafukuza kuelekea kileleni. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliwaamuru watupe zana zao. Kisha akafanya jambo ambalo vijana wake hawakuwa wamefundishwa: aliwasha kiberiti, akachoma nyasi zilizokuwa mbele yake, na kuwaita wenzake walale pamoja naye juu ya majivu, mahali ambapo moto mkubwa usingepata tena cha kuunguza. Hakuna aliyemfuata. Watu 13 walipoteza maisha. Dodge alinusurika, pamoja na wengine wawili waliofanikiwa kupenya katika ufa wa miamba juu ya mteremko.

Karl Weick, mtaalamu wa nadharia za taasisi, aliuchambua mkasa huo katika makala yake ya mwaka 1993 na kuutaja uwezo wa kubuni papo hapo kuwa miongoni mwa nguzo zinazolifanya kundi listahimili dhoruba. Mara nyingi uchambuzi huo husomwa kama sifa kwa ubunifu wa Dodge. Makala haya yanaona kuwa funzo zito zaidi liko upande wa pili. Ubunifu ulikuwapo, tena ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mapokezi. Dodge hakuwa amepata nafasi ya kutosha ya kufanya kazi na vijana wale, nao hawakumfahamu kiasi cha kuelewa, katika sekunde chache, kwamba mtu anayewasha moto mbele ya moto hajapoteza akili.

Swali linaloongoza mjadala huu ni hili: je, kundi la wataalamu linaweza kuzoezwa kupokea wazo lisilotarajiwa kabla ya siku ambayo wazo hilo litahitajika? Ni swali ambalo waigizaji wa papo kwa papo wamekuwa wakilishughulikia jukwaani kwa muda mrefu, ingawa kwao gharama ya kushindwa ni ukimya wa hadhira tu.

2.0 Fasili ya dhana

Uigizaji wa papo kwa papo, kwa maana inayotumika hapa, ni utanzu wa sanaa za maonyesho ambamo waigizaji hupanda jukwaani bila mswada. Mara nyingi huomba neno, mahali au uhusiano fulani kutoka kwa hadhira, kisha hujenga igizo kwa kujibizana. Kicheko huja kama matokeo, si lazima kiwe shabaha.

Msomaji wa Kiswahili hakabiliani hapa na jambo geni. Utungaji wa papo kwa papo ni mojawapo ya sifa bainifu za fasihi simulizi, ambamo fanani huitazama hadhira yake na kuigeuza kazi yake palepale. Kujibizana kwa mashairi kuna historia ndefu katika upwa wa Afrika Mashariki, kama inavyodhihirika katika Mombasa ya Muyaka bin Haji. Vilevile, vikundi vya vichekesho vya Dar es Salaam vilizoea kukubaliana juu ya kisa tu, na kuyaacha mazungumzo yazaliwe jukwaani. Kinachoutofautisha utamaduni wa Chicago ni kwamba stadi hizi ziligeuzwa kuwa mfumo wa mazoezi wenye kanuni zilizotajwa wazi, na kwa hiyo unaoweza kufundishwa hata kwa mtu asiyekusudia kuwa msanii.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa. Dokezo katika makala haya ni kauli, tendo au ishara yoyote inayompa mwenzako msingi wa kuendeleza jambo. Kupokea dokezo ni kulichukulia kuwa sehemu ya hali halisi na kuongeza kitu juu yake. Kulikataa ni kulifuta, kulipuuza au kuligeuza mzaha ili kujikinga.

3.0 Chimbuko la mfumo

Mizizi ya mfumo huu haiko katika ukumbi wa vichekesho bali katika ustawi wa jamii. Hull House, kituo kilichoanzishwa Chicago mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr, kilihudumia wahamiaji maskini waliotoka katika nchi mbalimbali za Ulaya. Hapo ndipo Neva Boyd alipofundisha matumizi ya michezo katika malezi na katika kazi za kijamii. Mwanafunzi wake, Viola Spolin, aliuendeleza msingi huo alipoajiriwa kusimamia shughuli za maigizo chini ya mpango wa serikali wa kutoa ajira wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Watoto na watu wazima aliowafundisha walitoka katika lugha na desturi tofauti, na wengi hawakuwahi kukanyaga jukwaa. Maelekezo marefu kuhusu uigizaji yasingewafaa.

Ufumbuzi wa Spolin ulikuwa kuligeuza kila tatizo la jukwaani kuwa mchezo wenye kanuni moja inayoeleweka. Mathalani, badala ya kumwambia mwigizaji amtazame mwenzake kwa makini, aliwasimamisha wawili ana kwa ana na kumtaka mmoja aige mienendo ya mwingine kama kioo. Mchezaji alipokazia macho jukumu hilo, hakubakiwa na nafasi ya kujihofia. Hapa pana kiini cha mbinu yote: haya haiondolewi kwa kumsihi mtu ajiamini, bali kwa kuyahamisha mawazo yake kutoka kwake mwenyewe na kuyaelekeza kwa mwenzake. Spolin alichapisha mazoezi yake mwaka 1963 katika kitabu *Improvisation for the Theater*.

Mwanawe, Paul Sills, aliyapeleka mazoezi hayo katika kumbi za maonyesho. Mwaka 1955, akishirikiana na David Shepherd, aliasisi kundi la Compass Players karibu na Chuo Kikuu cha Chicago. Na mwaka 1959 akawa miongoni mwa waanzilishi wa The Second City, ukumbi uliokuja kuwa chemchemi ya vichekesho vya Marekani. Kutokana na kazi za makundi hayo, na kutokana na jitihada za wasanii kama Elaine May za kuziweka kanuni zao katika maneno, ilijengeka desturi inayofahamika kwa ufupi kama "Ndiyo, na". Sambamba na hayo, Keith Johnstone, aliyefanya kazi katika ukumbi wa Royal Court jijini London kabla ya kuhamia Kanada, alikuza mkondo wake na kuueleza mwaka 1979 katika kitabu *Impro*. Mchango wake mahsusi kwa mjadala huu ni uchambuzi wa hadhi.

4.0 Stadi tatu za msingi

4.1 Kusikiliza

Mwigizaji asiye na mswada hana akiba nyingine isipokuwa alichokisema mwenzake. Akianza kuandaa jibu kabla mwenzake hajamaliza, atajibu kauli ambayo haikutamkwa. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, nayo ndiyo hali ya vikao vingi vya kazi: kila mjumbe huingia na hotuba yake, na zamu ya mwingine huwa muda wa kusubiri. Zoezi moja linalotumiwa sana kurekebisha tabia hii humtaka kila msemaji aanze sentensi yake kwa neno la mwisho la msemaji aliyetangulia. Zoezi ni jepesi kulieleza na gumu kulitenda, kwa sababu humfichulia mtu mahali hasa anapoacha kusikiliza. Wengi hugundua kwamba huacha katikati ya sentensi ya mwenzao.

4.2 Kupokea na kuendeleza

Kanuni ya "Ndiyo, na" ndiyo inayonukuliwa zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Haina maana ya kukubali kila ombi. Neno "ndiyo" hukiri kwamba mwenzako amesema alichosema na kwamba kauli yake sasa ni sehemu ya hali mnayoishughulikia. Neno "na" huongeza kile unachokijua wewe. Tuchukue mfano wa kubuni wa daktari anayezungumza na kijana ambaye mama yake yu mahututi. Kijana anasema, "Daktari, mama ataamka tu. Wiki ijayo tuna harusi ya mdogo wangu, lazima awepo." Daktari anaweza kujibu, "Hapana, kwa vipimo hivi hilo haliwezekani." Jibu hilo ni la kweli kitabibu, lakini limeifuta harusi, na pamoja nayo mlango pekee ambao kijana alikuwa ameufungua.

Daktari mwingine angesema, "Naona harusi hii ni jambo kubwa kwenu, na mama ndiye nguzo yake. Ndugu yangu, hali yake ya leo inanitia hofu kwamba huenda asiifikie siku hiyo. Hebu niambie, mama mwenyewe angependa tufanye nini?" Daktari huyu hakusema uongo wala hakutoa ahadi. Ameipokea harusi kama jambo halisi, ameongeza taarifa nzito aliyokuwa nayo, kisha amerudisha dokezo kwa kijana. Tofauti ya majibu haya mawili haiko katika maarifa ya tiba bali katika utayari wa kusimama mahali mwenzako aliposimama kabla ya kumsogeza.

4.3 Kuisoma hadhi

Johnstone aliona kuwa waigizaji wanapofanya mazungumzo ya kawaida jukwaani, maneno yao huwa makavu mpaka watakapoonyesha nani yuko juu na nani yuko chini. Aliwataka wajiweke juu kidogo au chini kidogo tu ya wenzao, na mara mandhari yakawa hai. Kwa maoni yake, hadhi ni jambo linalotendwa, tofauti na cheo ambacho mtu amepewa. Hutendwa kwa mkao, macho, kasi ya usemi na ukimya. Mkurugenzi anaweza kuishusha hadhi yake kwa kukaa na kuuliza. Karani anaweza kuipandisha yake kwa kutojibu upesi.

Stadi hii ina uzito wa pekee katika jamii zinazothamini lugha ya staha. Muuguzi kijana hamwambii daktari bingwa, "Umekosea kipimo cha dawa." Husema, "Samahani daktari, naona mgonjwa wa kitanda cha nne leo amechoka sana." Kauli hiyo ni dokezo kwa maana zote mbili, ya kawaida na ya jukwaani. Inabeba taarifa ambayo huenda ikaokoa maisha, lakini imevikwa adabu kiasi kwamba msikilizaji mwenye haraka ataiona kuwa maneno ya kupitisha muda. Mafunzo mengi ya mawasiliano hujaribu kumfundisha muuguzi aseme kwa ukali zaidi. Mtazamo wa uigizaji wa papo kwa papo unaihamisha sehemu kubwa ya mzigo: anayetakiwa kufundishwa kwanza ni bingwa, ili aache alichokuwa akikifanya na kusema, "Amechoka vipi? Nionyeshe."

5.0 Matumizi ya stadi hizi nje ya jukwaa

Mfano ulioandikwa vizuri zaidi unatoka katika ufundishaji wa tiba. Katie Watson wa Chuo Kikuu cha Northwestern alianzisha somo la uigizaji wa papo kwa papo kwa wanafunzi wa udaktari, na mwaka 2011 aliueleza msingi wake katika jarida la *Academic Medicine*. Hoja yake ni kwamba daktari na mwigizaji wanashirikiana katika kitendawili kimoja: wote wawili wanapaswa kujiandaa kwa ajili ya kukutana na mtu ambaye hawawezi kutabiri atasema nini. Somo halilengi kuwafanya madaktari wachekeshe wala wajifanye wana huruma wasiyokuwa nayo. Linalenga kuwazoeza kuona, kusikia na kuitikia, stadi ambazo mtaala wa kawaida huzitarajia bila kuzifundisha.

Mfano wa pili unahusu wanasayansi. Alan Alda, mwigizaji ambaye katika ujana wake aliifahamu mbinu ya Compass, alishiriki katika kuanzishwa kwa kituo cha mawasiliano ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, mwaka 2009. Miongoni mwa mazoezi yanayotumika humo ni ule mchezo wa kioo wa Spolin. Fundisho linalotiliwa mkazo ni kwamba katika kioo, anayeongoza ndiye mwenye jukumu la kumsaidia anayefuata. Akienda kasi mno, taswira huvunjika, na lawama si ya mfuasi. Mtafiti anayewaeleza wakulima au wabunge matokeo yake kwa istilahi wasizozijua ni kiongozi wa kioo anayekimbia.

Aidha, yapo majaribio yaliyofanywa katika maabara. Peter Felsman, Sanuri Gunawardena na Colleen Seifert waliripoti mwaka 2020 kwamba dakika 20 za mazoezi ya papo kwa papo, zikilinganishwa na mazoezi yanayofanana nayo lakini yenye mswada, ziliongeza uwezo wa washiriki wa kufikiri kwa njia nyingi na uvumilivu wao kwa mambo yasiyo na uhakika. Ulinganisho huo una thamani kubwa, kwa kuwa unaonyesha kwamba furaha ya kucheza pamoja haitoshi kuyaeleza matokeo yote. Kukosekana kwa mswada nako kuna nafasi yake.

6.0 Mipaka ya hoja

Ni vyema madai haya yawekewe mipaka minne. Kwanza, matokeo ya maabara yanapimwa mara tu baada ya zoezi. Hayathibitishi kwamba semina ya siku moja hubadili mwenendo wa mtumishi baada ya mwaka. Spolin na wafuasi wake walifanya mazoezi kwa miaka. Taasisi inayonunua alasiri moja haipaswi kutarajia mavuno ya miaka.

Pili, stadi hizi hazichukui nafasi ya umahiri. Dodge alipowasha moto wake alikuwa tayari mzima moto mwenye uzoefu. Isitoshe, zipo hatua ambazo hazifai kubuniwa upya kila siku, kama vile kuhesabu vifaa kabla ya kufunga jeraha la upasuaji. Mwenye busara hutofautisha mahali pa kufuata orodha na mahali ambapo orodha imefika mwisho.

Tatu, "Ndiyo, na" inaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kuwanyamazisha walio chini. Meneja anayewaongezea watumishi majukumu bila watu wala vifaa, kisha akaliita kila pingamizi kuwa ukosefu wa moyo wa ushirikiano, ameichukua kanuni ya wasanii walio sawa na kuiweka katika uhusiano usio sawa. Jukwaani kila mmoja hupokea dokezo la mwenzake. Pale upokeaji unapotakiwa upande mmoja tu, hiyo ni amri iliyovishwa vazi la mchezo. Methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu imefundishwa vya kutosha. Utaratibu unaomtaka mkuu naye asikie bado haujazoeleka.

Nne, si kila mtu yuko tayari kucheza mbele ya wakubwa wake. Kumlazimisha mtumishi aige au ajikwae hadharani kwaweza kumuumiza na kuwafanya wenzake wajifunge zaidi. Spolin alilijua hilo, ndiyo maana michezo yake ilimpa mchezaji jukumu la kutenda, haikumweka chini ya macho ya kumhukumu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa stadi za uigizaji wa papo kwa papo zinaweza kumsaidia mtaalamu kukabili mabadiliko kazini kwa kumzoeza kusikiliza, kupokea na kuisoma hadhi. Imebainishwa pia kwamba manufaa hayo hayapatikani kwa kumfundisha mtu mmoja mmoja awe mwepesi wa mawazo. Katika Mann Gulch, wazo lilikuwapo na lilitamkwa kwa sauti; kundi halikuwa na mazoea ya kulipokea. Vivyo hivyo, katika wodi, ofisi na madarasa, taarifa inayohitajika mara nyingi imekwisha kusemwa na mtu wa hadhi ya chini, kwa lugha ya adabu, mbele ya mtu asiyesikiliza.

Kwa kuzingatia hayo, inapendekezwa kwamba taasisi zinazotaka kutumia mafunzo haya zianze na viongozi wao, ziyafanye kwa kurudiarudia badala ya mara moja, na ziyapime kwa kuuliza ni madokezo mangapi ya walio chini yamebadili uamuzi wa walio juu. Kwa watafiti wa Kiswahili, eneo lenye rutuba ni uhusiano kati ya stadi hizi na mbinu za kujibizana zilizomo katika fasihi simulizi yetu. Huenda mazoezi tunayoyatafuta Chicago yana ndugu zake nyumbani, katika ngoma, katika malumbano ya washairi na katika vichekesho vya mitaani, yakisubiri kuandikwa kwa utaratibu kama Spolin alivyoiandika michezo yake.